Barua ya Mapenzi na Mvutano wa Vizazi katika Riwaya: Mafunzo kutoka Mbulu na Hanang

UTANGULIZI

Wapo ndugu wanaodhani kwamba mapenzi si mada ya kujadiliwa katika jarida la nadharia. Kwao, nadharia ni mambo ya ardhi, viwanda, mgawanyo wa mapato na uongozi. Mapenzi yaachiwe wanamuziki na watunzi wa vijitabu vya kupitishia wakati. Sisi hatukubaliani nao. Nani amwoe nani, nani aamue, na mali gani ihame zizi siku ya kuamua, ni maswali ya uchumi na siasa sawasawa na maswali ya ardhi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967, alipousifu ujamaa wa jadi hakuficha kasoro zake mbili kubwa: umaskini, na hali ya mwanamke kuwekwa chini. Anayetaka kuujenga ujamaa huku akiogopa kuingia katika kasoro hii ya pili anajenga nyumba kwa ukuta mmoja.

Makala hii inakusudia kuichunguza barua ya mapenzi kama inavyojitokeza katika riwaya, hasa pale vizazi viwili vinapogongana. Wahakiki wengi wameichukulia barua hiyo kuwa pambo la fani, au dalili ya vijana kuharibika. Swali letu ni tofauti: katika riwaya zetu ni nani anayehitaji kuandika barua ya mapenzi, na ni nani asiyeihitaji?

Tunalijibu swali hili tukiwa na wilaya za Mbulu na Hanang machoni petu. Pwani, karatasi na ndoa vimefahamiana siku nyingi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, yapata mwaka 1858, aliuandika utendi wake maarufu wa kumuusia bintiye juu ya ndoa na maisha, na unaanza kwa kumtaka mtoto alete wino na karatasi. Huko aliyeishika kalamu kwanza ni mzazi. Katika nyanda za juu za Mbulu na katika tambarare zinazouzunguka mlima Hanang mambo yalikuwa kinyume: kalamu ilishikwa kwanza na mtoto, na mzazi akabaki anaitazama. Kwa hiyo mvutano ambao mahali pengine umefichwa na mazoea, hapa unaonekana wazi.

KABLA YA BARUA

Wakazi wakubwa wa wilaya hizi ni Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji, na Wabarbaig wa jamii ya Wadatoga, ambao ng'ombe ndio uti wa mgongo wa maisha yao. Pamoja nao wapo Wanyaturu, Wanyiramba na wengineo. Lugha ya Wairaqw ni ya Kikushi na ya Wabarbaig ni ya Kinailo; hakuna hata moja iliyo ya Kibantu. Fasihi yao ilikaa kinywani. Mzee wa Kiiraqw anapoisema slufay, ile sala ndefu ya kishairi ya kuiombea nchi baraka, waliohudhuria huitikia. Neno ni la wote na linasikiwa na wote. Ngano zao W. D. Kamera alizikusanya na kuzichapisha katika Hadithi za Wairaqw wa Tanzania mwaka 1978.

Katika jamii ya namna hiyo, neno la posa lilikuwa neno la hadhara. Lililetwa na watu wazima, likajibiwa na watu wazima. Hapa mhakiki mwenye haraka atasema: huo ni ukandamizaji mtupu. Sisi tunasema achunguze kwanza. Mtaalamu George Klima, aliyefanya utafiti kwa Wabarbaig katika miaka ya 1950, alionyesha kwamba binti wa Kibarbaig alipoolewa alipewa ng'ombe na jamaa zake, na ng'ombe hao walimpa sauti katika nyumba mpya. Alionyesha pia kwamba wanawake walikuwa na baraza lao wenyewe, lenye uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke. Huu ulikuwa ulinzi wa kweli.

Lakini tusiipambe jadi kwa maua ambayo haikuyavaa. Kwa Wairaqw msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alihesabiwa kuwa ameleta najisi, akatengwa na nyumba yake. Na wapo waliofukuzwa kabisa wakaenda kupata hifadhi kwa majirani zao Wadatoga. Mwanamume aliyehusika hakubebeshwa mzigo ulio sawa na huo. Basi jadi ilikuwa na mikono miwili: mmoja ulimkinga msichana, na mwingine ulimsukumia porini. Hilo tulishike, maana riwaya zetu nyingi zimeuona mkono mmoja tu.

JINSI BARUA ILIVYOINGIA

Barua iliingia kwa njia ya shule na misheni, kisha ikaenezwa na elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 kiasi cha asilimia 67 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 ilikadiriwa kuwa ni asilimia 10 hivi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 mpango huo ukaanza kutekelezwa. Haya ni mapinduzi. Lakini mapinduzi ya kusoma hayaishii katika kusoma maelekezo ya mbolea na kadi ya kliniki. Aliyejifunza kuandika jina lake ataliandika pia jina la ampendaye.

Mambo mawili katika barua hizo yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni lugha. Kijana wa Dongobesh au wa Basotu hakuandika barua yake kwa Kiiraqw wala kwa Kibarbaig. Aliiandika kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyofundishiwa kuandika, na aliianza kama mwalimu alivyomwelekeza: salamu, kisha madhumuni ya barua, kisha kuagana. Hivyo neno la ndani kabisa la moyo wake lilisemwa kwa lugha ambayo mara nyingi mama yake hakuijua vizuri. Lugha ya taifa ikawa pia chumba cha siri cha vijana. Na kwa kuwa ni lugha ya taifa, Mwiraqw aliweza kumwandikia Mnyaturu, na Mbarbaig akamwandikia Mmbugwe. Umoja wa taifa tunaouhubiri mikutanoni ulijengwa kwa sehemu na karatasi hizi zilizokunjwa mara nne.

La pili ni njia. Kijijini hapakuwa na mtarishi wa kupita nyumba kwa nyumba. Barua ilifika kwa sanduku la posta la shule, la parokia au la duka, au ikapelekwa kwa mkono. Kwa maneno mengine, ilipita mikononi mwa wakubwa kabla ya kumfikia mwenyewe. Barua ya siri ilisafiri katika mfuko wa mtu mwingine! Ndiyo maana historia ya barua ya mapenzi katika vijiji vyetu ni pia historia ya barua zilizofunguliwa njiani, zilizosomwa mbele ya wanafunzi wenzake, na zilizolipiwa kwa viboko.

ROSA MISTIKA: BARUA YA RIKA NA MLANGO WA OFISI

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 akafariki mwaka 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na baadaye ikawa kitabu cha kufundishia. Mandhari yake ni Namagondo, kisiwani Ukerewe, mbali na Hanang. Lakini msomaji wa Katesh haoni ugeni wowote katika kisa chake.

Rosa, binti mkubwa wa Zakaria, anapata barua kutoka kwa kijana Charles. Baba yake anaigundua na kumpiga kipigo cha kikatili. Zakaria huyu ni mlevi anayeiacha familia yake ikitunzwa na Regina, mkewe. Hana uwezo wa kumlisha binti, lakini anadai uwezo wote wa kumfungia. Hapa mwandishi ameuona ukweli mkubwa: ukali wa mzazi juu ya barua huzidi pale mamlaka yake ya kweli yanapopungua. Mzee aliyekuwa na ng'ombe na baraza alikuwa na njia nyingi za kusikilizwa. Mzee aliyebaki na fimbo tu huipiga karatasi.

Baada ya hapo Rosa anakwenda shule ya sekondari Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro. Je, ni nani wanaompata? Ni Deogratias, Bwana Maendeleo. Ni Thomas, mkuu wa chuo. Wahakiki wamezoea kusema kwamba Rosa aliharibika kwa sababu alilelewa kwa kufungiwa mno. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Tuwapange wanaume hawa kwa mpango wa nguvu zao. Charles, kijana wa rika lake asiye na cheo, alihitaji karatasi. Karatasi ikakamatwa, msichana akapigwa. Nguvu ya Bwana Maendeleo ni cheo na mshahara. Nguvu ya mkuu wa chuo ni ofisi na hatima ya mwanafunzi aliyomo mikononi mwake. Hao hawakusimamishwa na fimbo ya Zakaria, kwa sababu fimbo hiyo ilikuwa imelenga barua.

Tunakazia jambo hili kwa kuwa ndilo kiini cha hoja yetu. Barua ya mapenzi ni chombo cha asiye na mali. Asiye na ng'ombe, asiye na cheo, asiye na mjomba wa kumsemea, anabaki na maneno yake. Jamii inayoadhibu barua na kuiacha ofisi wazi haiwalindi mabinti zake. Inawaondolea washindani wale wenye mali.

MALI HAIHITAJI KALAMU

Tukitoka Ukerewe tukaenda Unguja tunakuta jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Katika Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1972, Mwinyi ni mtu mzima mwenye utajiri anayemtamani Bahati, msichana mbichi. Njia yake inapita kwa Idi, kijana ambaye Bahati anampenda. Kiu ya Bahati ni mapenzi, kiu ya Idi ni fedha, na mwenye fedha ni Mwinyi. Hivyo ulimi wa kijana unakodishwa na mfuko wa mzee. Mwandishi anatuonyesha hatua ya juu ya unyonyaji: mwenye mali ananunua mpaka maneno ya mapenzi ya asiye na mali.

Katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kutengenezewa filamu mwaka 2021, Yasmin anaozwa akiwa msichana mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Raza hakuwa na haja ya kumbembeleza Yasmin. Alikuwa na haja ya kukubaliana na wakubwa wake. Yasmin anatoroka, anakataliwa na jamaa zake, anahifadhiwa na rafiki yake Mwajuma, na anakutana na Denge, mpigania uhuru. Mapenzi yake na Denge yanaota katika harakati za kumpinga mkoloni. Ubora wa riwaya hii ni kwamba haikumwacha msichana peke yake: alipofukuzwa na ukoo alipokewa na wanyonge wenziwe. Tukumbuke wale wasichana wa Kiiraqw waliopokelewa na Wadatoga. Unguja na Hanang zinazungumza lugha moja.

Hapa patatokea mpinzani. Atasema: "Mnaisifu barua mno. Hamjui kwamba nayo hudanganya? Hamjui kwamba hata mwenye mshahara huandika, tena kwa mwandiko mzuri zaidi?" Tunajua. Karatasi haina maadili yake yenyewe, kama jembe lisivyokuwa nayo. Vijitabu vingi vya mapenzi vya miaka ya 1970 na 1980 vilijaa barua za maua na asali zisizokuwa na jasho hata tone moja. Msomaji alizinakili akazituma, naye aliyezipokea akapendwa kwa maneno ya mtu asiyemjua. Hiyo nayo ni kasumba. Lakini dawa ya barua ya uongo si kuichana. Dawa ni kumfanya anayeipokea aweze kuisoma, kuipima na kuijibu. Na jibu, ndugu wasomaji, si lazima liwe ndiyo.

BARUA YA KUKATAA

Mfano bora wa jibu hilo tunaupata nje ya mipaka yetu, lakini ndani ya Afrika. Mariama Bâ wa Senegali alichapisha mwaka 1979 riwaya ambayo yote ni barua. Imetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye, mama wa watoto wengi, anamwandikia rafiki yake Aïssatou baada ya kufiwa na mumewe Modou. Modou alikuwa ameoa mke wa pili, Binetou, rafiki na mwanadarasa wa binti yake mwenyewe. Na alipooa hakumwambia mkewe kwa kinywa chake. Aliwatuma watu wazima wenziwe waende kumpasha habari. Binetou naye alisukumwa na mama yake, aliyeona katika ndoa hiyo njia ya kutoka katika ufukara. Msichana aliacha shule akaolewa na mtu wa umri wa baba yake.

Tazameni tena nani aliyeandika. Si Modou mwenye mali. Ni mwanamke aliyeachwa. Na katika riwaya hiyo kuna barua moja fupi yenye uzito kuliko zote: Ramatoulaye anapoposwa na Daouda Dieng, mtu mwema mwenye cheo aliyempenda tangu ujana, anamwandikia kumkataa, kwa heshima na bila kuyumba. Anayeipeleka bahasha anadhani amebeba habari njema! Kalamu imefika kileleni pale: inatumika kusema hapana kwa mwenye nguvu, na hapana hiyo inabaki kwa maandishi, isigeuzwe na mshenga njiani.

UDHAIFU WA RIWAYA ZETU

Sasa tunaweza kuutaja udhaifu wa riwaya zetu bila kuwavunjia heshima waandishi walioifungua njia.

Kwanza, uzito wa kisa huangukia adhabu ya msichana. Rosa anakufa kwa mkono wake mwenyewe baada ya Charles, yule yule wa barua, kumwacha alipojua kwamba hakuwa bikira. Thomas na Deogratias hawalipi deni lililo sawa na hilo. Tunakubali kwamba mwandishi aliyaonyesha mambo yalivyokuwa. Lakini fasihi ya kimapinduzi haitosheki na kuonyesha jeraha. Inauliza pia nani ana kisu.

Pili, mzazi wa kijijini huonyeshwa kama fimbo inayotembea. Hakuna mahali tunapokutana na yale mabaraza ya wanawake, wala na ng'ombe wa binti, wala na shangazi anayemtetea. Hivyo msichana wa riwaya ananyang'anywa walinzi wake wa jadi kabla ya kupewa walinzi wapya. Anaachwa peke yake na karatasi.

Tatu, Mbulu na Hanang hazimo. Wairaqw wamepata mkusanyaji wa ngano, lakini bado wanangoja riwaya kubwa ya Kiswahili ambamo kijana wa Kibarbaig, ambaye malisho ya ukoo wake kwenye tambarare za Basotu yaligeuka kuwa mashamba ya ngano ya NAFCO, anakaa chini kumwandikia msichana kwamba hana tena ng'ombe wa kumposea. Barua hiyo ingetuambia juu ya uchumi wa Hanang mambo ambayo ripoti nyingi hazikuyasema.

KAZI ILIYO MBELE

Mwaka ule ule wa 1971 Rosa Mistika ilipotoka, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo iliweka sharti la hiari ya wote wawili, jambo ambalo lilikuwa hatua kubwa. Lakini ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na mvulana akaachiwa miaka 18. Hiari ya mtoto wa miaka 15 iliyotiwa saini na baba yake ni hiari ya nani? Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Mahakama na Serikali zimesema neno lao. Riwaya nayo inadaiwa lake.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Walimu wa fasihi waache kufundisha barua ya Charles kama onyo kwa wasichana. Waulize darasani kwa nini fimbo iliangukia karatasi na haikuwaangukia wenye vyeo. Jumuiya ya wanawake na ya vijana katika matawi yetu zisome vitabu hivi pamoja, wazee wakiwepo, maana mvutano wa vizazi hautatuliwi na kizazi kimoja kikiwa chumbani peke yake. Baraza la wanawake wa Kibarbaig litukumbushe kwamba kumwajibisha mwanamume mbele ya wanawake si jambo lililoletwa na wageni. Na waandishi chipukizi wa Mbulu, Haydom, Katesh na Endasak wachukue kalamu. Visa wanavyo nyumbani.

Siku hizi karatasi imepungua, na ujumbe wa mapenzi unapita katika simu. Wengine wanasema hayo yamekwisha, barua imekufa. Haikufa. Bado yuko asiye na mali ambaye silaha yake ni maneno, na bado yuko mwenye mali asiyehitaji kumwomba msichana chochote kwa kuwa amekwisha kuafikiana na wakubwa wake. Ukombozi wa msichana wa Mbulu na Hanang utapimwa kwa jambo moja: kama ana uwezo wa kuandika hapana, na kama neno hilo, likifika kwa baba, kwa mwalimu na kwa mwenye ng'ombe, litaheshimiwa.